Rosa Mistika si Orodha ya Dhamira

Juzi, hapa Nangara, mjini Babati, nimelitoa sandukuni daftari langu la fasihi la shuleni. Juu ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, nilikuwa nimeandika: “Dhamira: malezi mabaya. Ujumbe: wazazi wasiwe wakali kupita kiasi.” Mwalimu kanipigia vema. Leo naipinga vema hiyo.

Jibu langu lilimtwisha Zakaria lawama zote, nami msomaji nikatoka na mikono safi. Mwandishi hakufanya hivyo. Rosa anachapwa na babaye kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukubwani, mchumba wake Charles anamkataa. Na mwishoni baba na binti wanalaumiana mbele ya Mungu. Tangu lini kesi nzito hivyo ikakatwa kwa sentensi moja ya daftari?

Nami nina barua yangu. Niliiandika mimi, ikakutwa katika kitabu cha rafiki yangu, akachapwa yeye mbele ya darasa. Aliniangalia, nikainamisha kichwa. Miezi michache baadaye nilieleza ukali wa Zakaria kwa ufasaha, nikasifiwa. Hakuna aliyeniuliza iwapo kunyamaza nako ni kosa.

Enyi walimu na wahakiki, liulizeni swali hilo kabla ya kudai dhamira. Mwanafunzi akikosa jibu, msimharakishe. Huenda ndipo anapoanza kuisoma riwaya.