Paka Mdogo Akianza Kuhara



Mwezi huu tunaongea juu ya paka. Tunajua kuna watakaocheka, ati walimu wamekosa habari. Lakini mama aliyeamka asubuhi akakuta mfuko wa unga umetobolewa na maharage yamemwagika chini, na siku ya kupokea chakula bado iko mbali, huyo hacheki. Panya ndio wanatufanya tutafute paka. Hapa Kahendero vitoto vya paka havikosi kule mwaloni, wavuvi wanapopasua samaki wa Ziwa George, na mtoto akikiona kimoja anakileta nyumbani ndani ya shati. Siku ya pili au ya tatu kinaanza kuhara. Baada ya siku chache kinazikwa nyuma ya nyumba, watoto wanalia, na panya wanaendelea na kazi yao.

Mara nyingi shida inaanzia kwenye chakula cha kukikaribisha. Tunakipa maziwa ya ng'ombe kwa sababu kila mtu anasema paka anapenda maziwa. Kupenda anapenda, tatizo ni tumbo. Kadiri paka anavyoacha kunyonya, ndivyo tumbo lake linavyopoteza nguvu ya kusaga sukari iliyo ndani ya maziwa. Ile sukari inabaki, inavuta maji, na yote yanatoka nyuma. Halafu tunaongeza matumbo ya ngege au ya kambale, mabichi, pamoja na miiba. Hata mtu mzima angeumwa.

Kingine ni umri. Paka mdogo aachwe na mama yake mpaka afikishe wiki 8. Kama hujui umri wake, mtazame macho. Paka wote wanazaliwa na macho ya bluu, na rangi inaanza kubadilika karibu na wiki ya 6 au ya 7. Akiwa bado na macho ya bluu, mrudishe kwa mama yake kama yupo. Mwambieni mtoto angoje kidogo, paka hatakimbia.

Sasa ameshaanza kuhara, tufanye nini? Acha maziwa. Usimnyime chakula, maana paka mdogo akilala njaa anaishiwa nguvu haraka sana. Mpe samaki aliyechemshwa bila chumvi, mafuta wala kitunguu, miiba imetolewa yote, kidogo kidogo mara 4 au 5 kwa siku. Posho peke yake haimtoshi, paka ni mla nyama. Mweke kwenye boksi lenye kitambaa kikavu, mbali na baridi. Na maji ndiyo muhimu kuliko vyote, kwa sababu kinachoua ni kukauka mwili. Yale maji tunayowapa watoto wetu wanaohara yanasaidia hapa pia: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya usawa, visivyojaa mlima. Mdondoshee pembeni mwa mdomo, matone machache kila mara. Usimlaze chali ukammiminia, yataingia kwenye mapafu.

Ukitaka kujua kama amekauka, vuta ngozi ya shingoni juu kidogo, uiachie. Ikichelewa kurudi, hali si nzuri.

Hapa tunaomba msikilize vizuri: msimpe dawa za watu. Panadol inaua paka, hata kipande. Mwili wake hauwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa, na fizi zinageuka rangi ya udongo. Vilevile dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbuzi kwa ajili ya kupe, kuna watu wanampaka paka ili kuua viroboto. Nyingine zinamtetemesha mpaka afe. Chanuo la meno membamba na maji ya sabuni ya kuzamishia viroboto vinatosha.

Kama tumbo limejaa kama ngoma na mgongo ni mifupa mitupu, hiyo ni minyoo. Mirefu myeupe kama tambi anaipata kwenye maziwa ya mama yake. Vipande kama punje za mchele pale nyuma vinatokana na viroboto anavyomeza akijilamba. Dawa ipo, lakini inapimwa kwa uzito, na paka wa wiki 8 hata kilo 1 kwa kawaida hafikishi. Basi msikisie, mwulizeni daktari wa mifugo.

Minyoo hiyo inatuhusu na sisi. Mayai yake yanakaa kwenye udongo ambamo watoto wanacheza. Kinyesi kizolewe kila siku kwa jembe au majivu, kitupwe chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kila siku, siyo kila wiki, kwa sababu kuna kijidudu kingine kwenye kinyesi cha paka ambacho kinahitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, na kinaweza kuharibu mimba. Kwa hiyo mama mjamzito asiizoe kabisa, baba au kijana mkubwa afanye.

Akitapika na kuhara damu, na hataki hata maji, huenda ni ugonjwa wa virusi unaoua paka wadogo kwa siku chache. Watu hauwashiki. Mwoneni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na paka wengine wakae mbali. Akifa, chomeni boksi na kitambaa, sugueni sakafu kwa Jik, na msilete kingine haraka ndani ya nyumba hiyo. Virusi hivyo vinaweza kukaa hata mwaka mzima. Kama panya wamezidi, azimeni paka mkubwa aliyechanjwa.