Bwana Msa hazeeki
Nakala ya *Mzimu wa Watu wa Kale* iliyolala wiki hii kwenye meza ya vitabu vya mitumba ilikuwa na jina la muuaji ukurasa wa kwanza, kwa kalamu ya bluu. Mharibifu alidhani ameua kitabu. Kweli, wengi husema hadithi ya upelelezi ni kama muwa: ukishatafunwa, makapi tu. Lakini anayewarudia ukubwani Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho cha Muhammed Said Abdulla, na rafiki yake Najum, hana haja ya kumsaka muuaji, na hapo ndipo anapoanza kusikia. Anasikia Kiswahili cha Unguja kikipindapinda, na Najum akibisha ilhali Msa anatulia na kiko chake. Utotoni hizo ndizo kurasa zilizorukwa! Wapo watakaosema kiko hicho kimeazimwa kwa Sherlock Holmes. Sawa, na rafiki mshangaaji pia. Ila maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali ambapo woga peke yake ungetosha kufunga kesi, na Msa anakataa kuupa mzimu hatia ya binadamu. Mtoto huona ujanja. Mtu mzima huona ubishi wa mwandishi na jamii yake, uliochapishwa mwaka 1960, kabla ya uhuru wa Zanzibar. Kumfungia Msa kwenye kabati la vitabu vya shule ni uvivu wa watu wazima. Aliyeandika kwa kalamu ya bluu alimjua muuaji tu, hakumsikiliza Najum.