Kuirudia Njia Ile Ile

Njia ya miguu ikipitwa mara nyingi na mtu yule yule humfunza mambo ambayo njia mpya haiwezi kumfunza kwa siku moja. Neno hili lafaa kusemwa waziwazi siku hizi, maana katika miji ya Afrika Mashariki, na Nairobi hasa, kupanda milima kumekuwa desturi ya mwisho wa wiki, na desturi hiyo imekuja na sharti lake kwamba kila safari iwe ya mahali papya. Juma hili Ngong, juma lijalo Longonot, kisha Kilimambogo, kisha Elephant Hill kule Aberdare. Anayerudi alikokwisha kwenda huulizwa amesahau nini huko. Anayependa njia fupi isiyo na mwinuko mkali huhesabiwa mvivu au mwoga. Hukumu hiyo si ya haki, na yafaa iachwe.

Mfano wa karibu ni Msitu wa Karura, upande wa kaskazini wa Nairobi. Ukubwa wake unazidi hekta 1,000, nao ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Njia zake nyingi ni za udongo, pana kiasi, zisizokata pumzi, na kwenye njia panda pamesimamishwa vigingi vyenye namba ili mtu asipotee. Aingiaye kwa lango la Limuru Road huweza kufuata mto mpaka kwenye mapango yanayosimuliwa kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950, akafika kwenye maporomoko ya maji, na bado akawahi chakula cha mchana nyumbani. Mara ya kwanza mgeni huona hayo tu: mto, mapango, maporomoko. Huyapiga picha, akaondoka akidhani msitu ameumaliza.

Mara ya kumi ndipo msitu unapoanza kumfungukia. Kufikia hapo ameshajua kupambanua mukinduri na muhugu, na amejua kwamba muhugu ndio ule mti mgumu unaotafutwa na wachongaji wa vinyago. Mbega wenye manyoya meupe mabegani, ambao mgeni huwapita bila kuinua macho, yeye huwatafuta kwenye matawi ya juu, na huenda amekwisha kujua kwamba walirudishwa humo kuanzia mwaka 2014. Mwezi wa Oktoba husikia keremkerem wa Ulaya wakipita angani kabla ya kuwaona. Maji ya mto yakibadilika rangi huuliza mvua imenyesha wapi. Hayo yote hayaandikwi kwenye kibao cha langoni. Hupatikana kwa kurudi.

Siafu watosha kuwa ushahidi. Baada ya mvua za masika, msafara wao hukata njia kama kamba nyeusi inayotetema. Kwenye kingo zake husimama askari wenye vichwa vikubwa, meno wazi, wamejiegemeza wao kwa wao hata wakawa ukuta, na wadogo wakipita katikati na mizigo yao. Mgeni huruka kwa hofu, akapiga kelele, akaenda zake. Aliyezoea husimama hatua mbili nyuma akatazama. Akipita tena siku chache baadaye, siafu hawapo, lakini mfereji wao umebaki: mstari mwembamba uliolainishwa na miguu isiyohesabika, na chembe za udongo zimepangwa pande zote mbili. Mtu aliyeuona msafara tu ameona nusu ya habari, na aliyeuona mfereji tu hajui hata kwamba pana habari.

Wako wanaosema kwamba akili hupanuliwa na ugeni. Mwanasayansi Charles Darwin aliizunguka dunia kwa meli ya Beagle kuanzia mwaka 1831 hadi 1836, na hakuna atakayemwita mtu aliyeogopa mapya. Lakini baada ya safari hiyo hakutoka tena Uingereza. Nyumbani kwake Down House, alikohamia mwaka 1842, alikuwa na kijia cha mchanga pembezoni mwa miti, akikizunguka siku kwa siku kwa miaka mingi. Kazi kubwa ya kufikiri aliifanya akiwa kwenye kijia hicho alichokijua kila kona. Safari ilimpa vitu vya kufikiria. Njia iliyozoeleka ilimpa utulivu wa kuvifikiria. Miguu ikijua inakokwenda, kichwa huwa huru.

Mwili nao una haki yake. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila wiki. Mlima wa mbali, unaodai basi la kukodi alfajiri, ada ya kuingilia na pengine kiongozi wa njia, hupandwa mara moja kwa mwezi au miezi miwili, kisha magoti yakauma wiki nzima. Njia ya karibu huweza kurudiwa kila Jumamosi, na mzee wa miaka 70 akaimudu pamoja na mjukuu wake. Aijuaye hujua pia ni wapi udongo mwekundu huteleza, na ni saa ngapi ageuke asipatwe na giza.

Liko jambo zito kuliko hayo. Mahali pasipo na wazoefu huibwa kwa urahisi. Mwaka 1998 zilipoenea habari kwamba sehemu za Karura zimegawiwa wajenzi, ufyekaji ulikuwa umekwisha kuanza ndani kabisa ya msitu, mahali ambapo raia wachache tu walithubutu kupita. Tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti langoni. Walipigwa na kundi la walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Mwezi wa Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi alitangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ulipona kwa damu ya watu. Leo unapitwa kila siku na watu wanaojua kila mti wa njia yao, na mti ukiangushwa hawakosi wa kuuliza sababu. Mtu anayehama mlima kila wiki hana awezalo kulilinda, kwa kuwa hajui jana palikuwaje. Wahenga walionya mtu asiache mbachao kwa msala upitao, na onyo hilo linaufaa msitu pia.

Haya hayasemwi ili vijana wazuiwe kuona nchi yao. Na waione, wapande Longonot na Kilimanjaro wakijaliwa. Lakini hata Kilimanjaro, mgeni hupanda mara moja akishikwa mkono na kiongozi aliyepita njia hiyo hiyo miaka nenda, miaka rudi. Kiongozi huyo humtazama mgeni usoni pale kambini Horombo, kwenye mita 3,720, akajua kama ataweza kuendelea au ni heri ateremke. Ujuzi huo haukutoka kwenye njia mpya.

Kurudi nako kuna adabu yake. Yafaa mtu aende saa ile ile, asimame mahali pale pale, na akiweza awe na daftari dogo la tarehe na aliyoyaona. Yafaa aende bila spika ya muziki. Na zaidi ya yote, yafaa aikanyage njia yenyewe. Dimbwi la matope linapotokea katikati, wapitao hulikwepa kwa kukanyaga majani ya kando. Kufika mwisho wa masika njia ya watu wawili imekuwa ya kupitisha gari, na mizizi imeachwa wazi, imechubuka. Mpita mara moja haoni alichofanya. Anayejua kwamba Jumamosi ijayo atapita hapo tena huvaa viatu vya kufaa, akapita katikati ya matope.