Usitaje bei ya spea kabla hujaona namba ya chasisi

Wadau, leo naongea na sisi tunaouza spea mtandaoni, na nyie mnaopost pikipiki na magari ya mkononi. Mimi nina duka dogo la spea hapa Bukoba mjini. Niliishia kidato cha nne, haya mengine nimejifunza nikiwa kaunta na kwa kuwauliza mafundi. Msimamo wangu ni huu: mteja asipotuma namba ya chasisi, usimtajie bei na usipokee hela yake. Siongelei oili na kava za siti. Naongelea kitu kinachofungwa kwenye gari.

Angalia meseji tunazopata kila siku: "Kaka, una shokapu za mbele za IST?" Wengi wetu tunajibu fasta "zipo", tunataja bei, tunatuma namba ya kulipia. Sasa IST ipi? Toyota IST iliyotoka 2002 na ile iliyokuja 2007 ni magari mawili yenye jina moja. Ya zamani ni NCP60 yenye injini ya 1300, au NCP61 ya 1500, na ile ya kuvuta miguu yote ni NCP65. Mpya ni NCP110 ya 1500, na ipo ZSP110 ya 1800. Mteja wa Nshamba au Kamachumu hana kosa, kwake IST ni IST. Kazi ya kujua ni yako wewe unayeuza.

Na jibu lipo kwenye gari lenyewe. Mwambie mteja afungue boneti, aangalie kibati kilichobandikwa, mara nyingi kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya kukaa. Kwa magari mengine kibati kipo kwenye nguzo ya mlango. Apige picha, atume. Pale utaona modeli, aina ya injini, namba ya chasisi na mpaka namba ya rangi. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva. Ukiwa unauza bampa au saiti mira, hiyo peke yake inakuokoa. Kibati kikiwa kimefutika, namba ya chasisi ipo pia kwenye kadi ya gari ya TRA.

Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani namba yake ni fupi: kodi ya modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo. Usiitafutie mwaka, haumo. Lakini Hilux ya Afrika Kusini, au pikipiki ya India, ina namba ya tarakimu na herufi 17. Tatu za mwanzo zinakutajia mtengenezaji: AHT ni Toyota ya Afrika Kusini, MD2 ni Bajaj (ndiyo Boxer zetu), MD6 ni TVS. Kwenye hizi za 17 hakuna herufi I, O wala Q, maana zinachanganywa na 1 na 0. Mteja akikuandikia O, hiyo ni sifuri. Ndiyo maana nataka picha, siyo namba ya kuandika kwa mkono.

Sasa tuongee hela. Mzigo ukitoka Kariakoo unakuja na basi zaidi ya kilomita 1,300 mpaka Bukoba. Kama mteja yuko Muleba, unapanda tena gari lingine. Ukifika haufungi, nani analipa nauli ya kurudi? Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mteja anasema umemtapeli, wewe unasema yeye ndiye alisema IST. Kesho skrinishoti yako iko kwenye magrupu yote ya Kagera. Faida ya shokapu haitoshi kununua jina jipya.

Najua mtakachosema: "Ukianza kudai namba, mteja anaogopa, anahamia kwa mwingine." Ni kweli wapo wanaoogopa, wanadhani unawafuatilia. Mimi namwambia hivi: "Dada, sihitaji kadi yako wala jina lako, nataka kitu kinachofunga kwenye gari lako." Akiwa bado ana wasiwasi, naanza na ile sehemu ya mbele tu, mfano NCP61. Kwa spea nyingi inatosha. Namba nzima inahitajika pale mtengenezaji alipobadilisha kifaa katikati ya uzalishaji, maana modeli ni ileile ila kifaa cha mwanzo na cha mwisho haviingiliani. Anayekimbia hata baada ya kuelezwa vizuri, mwache aende. Huyo ndiye angekurudishia mzigo.

Kwa nyie wa pikipiki za mkononi, hili lina uzito zaidi. Kabla hujaipost, angalia namba iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, uilinganishe na kadi, pamoja na namba ya injini. Ukiona pamesagwa, pamechomelewa, au rangi ni mpya hapo tu, achana nayo hata kama bei ni ya kutupa. Huku kwetu mpaka wa Mutukula uko karibu, huwezi kujua chombo kimetokea wapi. Ukishaiuza wewe, polisi wataanzia kwako. Halafu usiweke namba nzima hadharani. Ziba tarakimu nne za mwisho, mpe kamili mnunuzi aliyekuja kwa nia.

Kwa Marekani, sheria inamlazimisha mtengenezaji kubandika lebo kwenye gari, kwa kawaida eneo la mlango wa dereva: nani katengeneza, mwezi na mwaka, namba ya gari, na tamko kwamba limefikia viwango vya usalama. Lebo inatakiwa ibandikwe kiasi kwamba huwezi kuibandua bila kuiharibu. Kampuni kubwa zenye majina duniani hazikuachiwa ziseme tu "tuamini". Sisi tunapost picha moja iliyoibwa mtandaoni, chini tunaandika "bei inboksi", halafu tunashangaa wateja hawatuamini.

Kwa hiyo kuanzia leo, kila spea unayopost andika inaingia modeli zipi, na jibu lako la kwanza inboksi liwe: "Naomba picha ya kibati." Kama una sababu ya kunipinga, iweke hapa chini, tuijadili.