Kipakatalishi cha Mtumba, Linux na Haki ya Mnunuzi



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mama mmoja anayeshona na kuuza mabuibui nyumbani kwake ametuletea suala ambalo tumeona lina manufaa kwa nyumba nyingi. Amenunua kipakatalishi, yaani laptopu, kilichokwisha kutumika ofisini, ili aweke humo hesabu za wateja, na bintiye apate kufanyia kazi zake za chuo. Muuzaji alikitia Windows isiyo na leseni. Mwanawe wa kiume akaifuta na kuweka Linux. Sasa Wi-Fi haionekani, na kisoma alama ya kidole hakifanyi kazi. Mumewe asema mashine irudishwe dukani. Kijana asema itatengenezeka. Mama auliza: je, anayo haki ya kurudisha? Na je, kulikuwa na haja ya kuiacha Windows?

Tuanze na suala la pili, kwani ndilo msingi.

Programu ya kompyuta ni kazi ya mikono na akili ya watu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, ilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Wapo wasemao kuwa mwenye Windows ni kampuni tajiri iliyo mbali, wala haitaona upungufu. Twasema: haki ya mtu haipungui kwa utajiri wake wala kwa umbali wake. Zaidi ya hayo, programu zilizovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi, na mama anayeweka humo namba za simu na madeni ya wateja wake amebeba amana za watu.

Linux hali yake ni nyingine. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki nchini Finland, na mwaka uliofuata aliitoa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili, kuigawa na hata kuibadilisha. Wenye haki wameihalalisha wao wenyewe, basi mtumiaji hana deni. Na asidhani mtu kuwa kitu cha bure ni kitu dhaifu: kila simu ya Android iliyo mikononi mwetu inaendeshwa na kiini hicho hicho cha Linux. Katika aina zake, zinazomfaa anayeanza ni Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambayo jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Na Linux Mint, iliyofuata mwaka 2006.

Kuna sababu nyingine ya wakati wetu huu. Windows 10 ilikoma kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, huitaka kwa jumla prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Vipakatalishi vingi imara vya maofisini, mfano wa ThinkPad T460, Latitude E7470 na EliteBook 840 G3, ni vya kizazi cha 6. Mashine hizo bado zina nguvu, hufunguka kwa bisibisi, na kumbukumbu na diski zake hubadilishwa kwa urahisi. Kuzitupa kwa sababu ya programu tu kunakaribia israfu.

Hata hivyo hatusemi kila mtu ahame. LibreOffice, inayokuja pamoja na Linux, hufungua faili za Word na Excel, lakini faili yenye makro nyingi huenda isifanye kazi sawasawa. Baadhi ya programu za kuchora darizi za mashine zimetengenezewa Windows peke yake. Ambaye riziki yake imefungamana na programu ya namna hiyo, na ashike Windows kwa leseni ya halali. Na ajue kwamba mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au iliyofuata zimebeba ufunguo wa leseni ndani ya bayosi yake. Fundi mwaminifu akiweka toleo linalolingana na ufunguo huo, litakubali bila kuvunjwa kufuli.

Sasa tuje kwenye Wi-Fi. Kijana ametueleza kuwa kadi ni ya Broadcom. Kadi za Intel kwa kawaida hufanya kazi mara tu Linux inapowekwa. Nyingi za Broadcom huhitaji draiva ya pembeni, na draiva yenyewe hupatikana kwa intaneti, ambayo ndiyo hiyo iliyokosekana. Njia ya kutokea ni simu. Aiunganishe simu ya Android na kipakatalishi kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu aruhusu kugawa intaneti kwa USB. Linux kwa kawaida huichukua simu kama waya wa mtandao. Baadaye, katika Linux Mint, afungue Driver Manager. Draiva ya Broadcom ikiorodheshwa, aichague, aingize neno la siri, asubiri imalize, kisha azime na kuwasha.

Hapo pana jambo linalotisha wengi. Ikiwa kinga iitwayo Secure Boot imewashwa, mfumo utamtaka atunge neno la siri la muda, na mashine ikiwaka tena itatokea skrini ya buluu. Mashine haijafa. Abonyeze kitufe upesi, kwani skrini hiyo huondoka baada ya sekunde chache, achague Enroll MOK, athibitishe, na aandike neno lile lile alilotunga. Asipofanya hivyo draiva haitakubaliwa, naye atadhani kadi ni mbovu.

Kisoma alama ya kidole ni habari nyingine. Vingi vya vipakatalishi vya maofisini wenye kuvitengeneza hawakutoa draiva ya Linux. Fundi akiandika lsusb katika dirisha la amri ataiona namba ya kifaa, na atajua kama kimo katika orodha ya vinavyotambuliwa. Kama hakimo, na atumie neno la siri. Si hasara kubwa.

Tukirudi kwenye suala la kwanza: mashine irudishwe au isirudishwe?

Mafaqihi wamefafanua kuwa aibu ya bidhaa ni ile inayopunguza thamani yake au kuharibu makusudio yake, hali ya kuwa bidhaa za jinsi hiyo kwa kawaida huwa salama nayo. Kisoma kidole kilichofanya kazi chini ya Windows si kibovu. Kimekosa tu wa kukisemesha. Hiyo si aibu ya bidhaa, wala muuzaji hakudhulumu, ila kama mama alimshurutisha wakati wa kununua kwamba kila kiungo kifanye kazi kwa Linux, naye akakubali. Akishurutisha hivyo na isiwe hivyo, ana hiari ya kurudisha.

Wi-Fi inahitaji kupimwa. Kijana aandike lspci. Kadi ikitajwa katika orodha, mara nyingi tatizo ni draiva, na dawa tumeieleza. Isipotajwa kabisa, aangalie katika bayosi kama imezimwa, na fundi atazame kama imelegea. Ikithibiti kuwa imekufa, nayo ilikuwa hivyo kabla ya kuuzwa, hiyo ni aibu, na mama anayo haki ya kurudisha. Lakini katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, haki hii hudaiwa papo hapo baada ya kuijua aibu. Anayejua ubovu, kisha akaendelea kuitumia mashine mwezi mzima, ameonyesha kuridhia. Muuzaji akidai kuwa Windows imefutwa, ajibiwe kwa upole kwamba kilichofutwa hakikuwa mali yake ya kuuza. Na kauli ya "nimekuuzia kama ilivyo" haimwondolei muuzaji dhambi ya kuficha aibu aliyoijua.

Basi baba na kijana kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Na wapime kwanza, upesi, ndipo waamue.

Kwa wanaotaka kununua, wakumbuke kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta umaji ndani, akamkemea mwenye kuuza kwa kuuficha. Sisi tunapochagua mitumba Kongowea huigeuza nguo nje na ndani. Kompyuta nayo ina namna yake ya kutiwa mkono. Chukueni flashi ya GB 8 iliyowekwa Linux Mint, muiwashe mashine kwa flashi hiyo bila kugusa diski yake. Jaribuni Wi-Fi, sauti, kamera na kila kitufe cha kibodi. Fungeni kifuniko, ngojeni kidogo, mkifungue muone kama inaamka. Mashine nyingine hulala zisiamke, au hukaa na joto na kumaliza betri. Ingieni pia katika bayosi. Ikidai nywila ya msimamizi, iacheni: katika ThinkPad nywila hiyo haitoki kwa kuchomoa betri, na huenda mashine ilitoka kwa mwenyewe bila idhini yake. Robo saa yatosha kwa haya yote.

Tena fiqhi imetupa wasaa. Mnunuzi na muuzaji wanaweza kushurutishana hiari ya hadi siku tatu, ambamo mnunuzi aweza kurudisha bila kutoa sababu. Na muombe muuzaji sharti hilo, liandikwe kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hatalikimbia.

Mkikuta picha au barua za mwenye mashine wa kwanza, msizifungue wala msizionyeshane. Ni sitara ya mtu, zifuteni.

Tunamuomba Allah awabariki mama zetu na binti zetu katika biashara na elimu zao, azifanye zana za nyumba zetu kuwa za halali, na awaongoze wauzaji wetu kusema kweli.

Wallahu aalam.