Nunua mitutu, usinunue nakshi

Wiki hii tunajibu swali la baba mmoja, mzaliwa wa Tanga, anayeishi na familia yake mashariki mwa Uingereza. Jirani yake ni mkulima, na humwalika shambani kuwapiga njiwa-mwitu wanaokula mazao. Mpaka sasa ametumia bunduki ya mkulima huyo, wakiwa pamoja, kama sheria ya huko inavyoruhusu. Sasa anataka yake: shotigani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, iliyotengenezwa Ulaya, yenye heshima. Ameweka akiba ya pauni 1,500. Binti yao wa miaka 16 naye anataka kujifunza. Mama wa nyumba amesema hapana, silaha na watoto havikai chini ya paa moja.

Kwa hiyo tunajibu watu wawili. Baba anauliza bunduki ipi. Mama anauliza kama iingie ndani kabisa. Tuanze na mama, kwa sababu asiporidhika yeye, hayo mengine ni mazungumzo ya bure.

Kabla ya bunduki, kabati

Mama, hofu yako ina msingi, na sheria ya Uingereza iko upande wako. Hakuna anayeruhusiwa kumiliki shotigani bila cheti cha polisi. Kabla ya kukitoa, polisi hupata taarifa za afya kutoka kwa daktari na hukagua mahali bunduki itakapowekwa. Cheti hudumu miaka 5, kisha huombwa upya. Mwaka 2025 ada ya cheti kipya ilipandishwa hadi pauni 194, na daktari naye anaweza kudai malipo yake. Baba, toa hesabu hiyo kwenye zile 1,500 sasa hivi, usije ukashtuka baadaye.

Toa tena bei ya kabati la chuma linalofungwa kwa bolti ukutani. Uliza lililotengenezwa kwa kiwango cha BS 7558, ndicho kinachotambulika huko. Risasi zifungiwe mahali pake, mbali na bunduki.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hulikosea. Ufunguo wa kabati ni wa mwenye cheti peke yake. Mke au mume asiye na cheti hapaswi kuufikia, wala kujua unapofichwa. Mama, usichukulie kwamba mwenzako anakuficha siri. Ndivyo sheria inavyotaka, na ndivyo watoto wanavyolindwa: mtoto hawezi kukubembeleza umpe kitu usichojua kilipo.

Kuhusu binti, umri wa miaka 16 haumzuii kuomba cheti chake mwenyewe, lakini haruhusiwi kununua bunduki wala risasi mpaka afikishe 18. Tena hana haja ya haraka. Viko viwanja vya kulenga visahani vya udongo vilivyoidhinishwa na polisi, ambako mtu asiye na cheti anaweza kufundishwa kwa bunduki ya kiwanja. Ushauri wangu ni kwamba baba, mama na binti waende kwanza huko, wote watatu. Mama aone kwa macho yake jinsi bunduki inavyofunguliwa na kuhakikishwa kuwa ni tupu kila inapobadilisha mikono. Baada ya masomo machache uamuzi wake, uwe ndiyo au hapana, utakuwa wa mtu aliyeona.

Mama akibaki kwenye hapana yake, baba, acha. Shamba la jirani lipo, na bunduki ya jirani ipo.

Kwa nini fedha hiyo inatosha

Tuseme mmekubaliana. Je, kinachobaki kitanunua kitu cha maana? Ndiyo, na sababu yake ni mabadiliko ya mitindo. Siku hizi wawindaji na walenga visahani wengi hupenda bunduki ambayo mtutu mmoja umekaa juu ya mwingine. Zile za ubavu kwa ubavu zimepungukiwa wanunuzi. Bunduki kuukuu iliyoundwa na mafundi hodari, kazi nyingi ikiwa ya mkono, leo inapatikana kwa mamia ya pauni, wakati mpya kutoka nyumba kubwa za London kama Purdey au Holland & Holland inapita pauni 100,000.

Ili usipotee dukani, jua aina mbili za mitambo. Ya kwanza huitwa boksiloki. Mitambo yake imefichwa ndani ya kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya mitutu. Muundo unaojulikana zaidi ni wa Anson na Deeley, ulioandikishwa mwaka 1875 na mafundi wa Westley Richards wa Birmingham. Vipande vyake ni vichache, ni imara, na fundi yeyote mzuri anaijua. Ya pili ni saidiloki, ambayo mitambo yake imebebwa na vibao viwili vya chuma ubavuni. Ni nzuri kuitazama na ina nafasi pana ya nakshi, lakini ni ghali kuiunda na ghali kuitengeneza. Kwa mfuko wa kadiri, chukua boksiloki bila kuona haya.

Miji ya kuitafuta unaijua mara uonapo chapa. Eibar, katika nchi ya Wabaski huko Hispania, ndiko kulikoanzishwa AYA mwaka 1915 na Ugartechea mwaka 1922. AYA namba 4 ni boksiloki iliyouzwa kwa wingi Uingereza, kwa hiyo vipuri na mafundi wanaoifahamu hawakosekani. Birmingham kulitoka Webley & Scott za mfululizo wa 700. Suhl nchini Ujerumani ni kwao Merkel, ambazo hujulikana kwa uimara. Saint-Étienne nchini Ufaransa kulitoka Robust za Manufrance, bunduki za mkulima zisizo na mbwembwe. Gardone Val Trompia nchini Italia ni kwa Beretta na Bernardelli.

Lakini usinunue jina. Webley iliyochakaa ni mbaya kuliko bunduki isiyo na jina iliyotunzwa.

Thamani iko kwenye mitutu

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Muuzaji atakuonyesha nakshi za maua na ndege, na kitako cha mti wa mjozi kinachong'aa. Visifie, kisha uombe kutazama mitutu. Kitako kikipasuka huungwa, na mti ukichakaa husuguliwa kwa mafuta ukapendeza. Mtutu ukishakuwa mwembamba hauongezewi unene, na kinachopita ndani yake ni mlipuko ulio karibu na uso wako na mkono wako.

Anza na chapa za jaribio. Uingereza ina nyumba mbili za kujaribu mitutu, moja London na nyingine Birmingham, ambayo ilianzishwa mwaka 1813. Bunduki hupigwa huko kwa risasi yenye nguvu kuliko za kawaida. Ikistahimili hugongwa chapa. Chapa za Hispania, Ujerumani, Ufaransa na Italia nazo hutambuliwa. Kuuza bunduki ambayo jaribio lake limepitwa, mathalani kwa sababu tundu la mtutu limesuguliwa na kupanuka kupita kiasi, ni kosa la jinai Uingereza. Basi mwulize muuzaji moja kwa moja: je, bado iko ndani ya jaribio lake? Akisita, aga uondoke.

Pili, taka vipimo vya unene wa kuta za mitutu. Wauzaji waaminifu na nyumba nyingi za mnada huviandika, au watakupimia. Katika biashara hii, mtutu ambao mahali pembamba kabisa pamefika chini ya nusu milimita huhesabiwa kuwa mwembamba mno.

Tatu, inua mitutu mitupu kuelekea dirishani uchungulie ndani. Mwanga huunda duara kama pete. Pete zikiwa za mviringo mtutu umenyooka. Zikikatika au kujipinda, hapo pana bonde. Madoadoa meusi ni kutu iliyokula chuma. Kisha ning'iniza mitutu kwa kidole na uigonge kidogo kwa ukucha. Ikilia kama kengele, utepe wa chuma unaoiunganisha umeshika. Ikitoa sauti ya kopo bovu, risasi ya kuchomelea imeachia, na kuirudishia ni kazi ya gharama.

Nne, unganisha bunduki bila kile kipande cha mbao cha mbele, uifunge, kisha utikise taratibu. Isicheze. Itazame kwenye mwanga: pasionekane uwazi kati ya mitutu na mtambo. Tia risasi bandia na ujaribu triga zote mbili na kizuizi cha usalama. Angalia pia ufa kwenye mti mahali unapokutana na chuma, maana hapo ndipo teke la bunduki hupigia.

Tano, soma urefu wa chemba, yaani pale risasi inapokaa. Bunduki nyingi za zamani ni za milimita 65, nyingine 70, nyingine 76. Usitie risasi ndefu kuliko chemba. Inaweza kuingia vizuri, lakini ganda likifunguka hukosa nafasi, na shinikizo hupanda.

Marisau ya kesho

Kuna jambo moja jipya. Kwa karne nyingi marisau yalikuwa ya madini ya risasi, na ndiyo maana sisi Waswahili tuna neno moja kwa madini na kwa kile kinachotoka bundukini. Madini hayo ni sumu kwa ndege na kwa mlaji, na mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itayapiga marufuku, kukiwa na kipindi cha mpito. Marisau ya chuma ni magumu kuliko ya risasi, na si kila bunduki ya zamani inayoyafaa, hasa yenye mitutu myembamba au yenye mbano mkali mdomoni, ule ambao mafundi huuita choki. Yapo ya bismathi, ambayo ni laini, lakini bei yake ni kubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwulize fundi bunduki asiyeuza bunduki hiyo: hii itakubali marisau gani miaka mitano ijayo? Malipo ya ukaguzi wake ni madogo ukilinganisha na hasara ya kununua pambo la ukutani.

Ikukae begani

Bunduki ya ubavu kwa ubavu haina vyombo vya kulengea. Jicho lako ndilo chombo. Ukiinua begani, mitutu ielekee pale unapotazama bila kuinamisha shingo kwa nguvu. Vitako vingine vimepindishwa kidogo kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, vingine wa kushoto. Fundi anaweza kukirefusha, kukifupisha au kukipinda, lakini weka kazi hiyo kwenye bajeti. Kwa sababu hiyo hiyo, usinunue moja ukidhani itamfaa baba na binti. Wala usimchagulie binti iliyo nyepesi sana kwa kumhurumia, maana uzito ndio unaomeza teke.

Bunduki hainunuliwi kwa picha za simu. Huko ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria inadai makabidhiano yafanyike ana kwa ana. Uhamisho huandikwa kwenye cheti, na polisi huarifiwa ndani ya siku 7. Dukani unalipa zaidi, lakini una mtu wa kumrudia. Mnadani bei ni ndogo, ila huongezwa ada ya mnunuzi na kodi juu yake. Na usifikirie kuja nayo likizo Tanga: cheti cha Uingereza hakina nguvu Tanzania, ambako silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Ukijumlisha cheti, daktari, kabati, masomo, fundi na kurekebisha kitako, utaona kwamba fedha ya bunduki yenyewe imebaki kama nusu ya akiba, pengine zaidi kidogo. Usisikitike. Nusu hiyo inatosha boksiloki safi ya Eibar au Birmingham yenye mitutu minene na sura ya kawaida, itakayotumika miaka mingi. Ile nusu nyingine imenunua usalama wa nyumba, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mama ana haki ya kuikagua risiti kwa risiti.

Tukutane wiki ijayo.