Pesa ya Lori Si ya Kuokota

Vijana wenzetu, tuache hii tabia. Ndugu akipata kazi ya lori Marekani, kesho yake sisi hapa kambini tunampigia: "Kaka, tuma kitu basi." Eti kule anaokota dola!

Hebu tuangalie kazi yenyewe, mfano kwenye visima vya mafuta vya North Dakota na Texas. Kisima hakitoi mafuta peke yake, kinatoa pia maji ya chumvi kali. Hayanywewi, hayamwagiliwi shamba. Dereva anayavuta kwenye tangi, anayapeleka mbali yakarudishwe chini ya ardhi. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu dereva wa lori kuendesha masaa 11, ndani ya masaa 14 tangu aanze kazi. Kama analipwa kwa safari, foleni ndefu kisimani inakula mfuko wake. North Dakota baridi inashuka nyuzi 20 chini ya sifuri. Na matangi yanaweza kuwa na gesi inayonuka kama yai bovu. Ikizidi, pua haisikii tena harufu, na mtu anaanguka, anakufa.

Hiyo ndiyo pesa ya bure?

Hatusemi ndugu asisaidie. Tunasema tumuulize kwanza kama amelala. Na ninyi wa mashirika, kwenye mafunzo ya kabla ya safari msituonyeshe ndege na supamaketi tu. Tuambieni kazi zilivyo, masaa yake na hatari zake. Anayekwenda aende akijua, na sisi tunaobaki tusimdai kama tulimkopesha.